Kokteli na Sharubati za Ndimu na Machungwa Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa nimeulizwa na majirani, jamaa na wageni wa Malindi tangu nilipoacha kazi ya kuchanganya vinywaji katika hoteli moja ya ufukweni. Sikuyapanga kwa uzito wake. Nimeyaacha jinsi yanavyokuja, kwa hiyo mengine yamejibiwa kwa sentensi moja na mengine yamechukua nafasi kubwa kwa sababu ndiko watu wengi wanakokosea.

Je, ni lazima kinywaji kiwe na pombe ndipo kiitwe kokteli?

Si lazima. Kwa matumizi ya leo kokteli ni kinywaji chochote kilichochanganywa kwa vipimo, na katika mji huu, ambako nyumba nyingi haziingizi pombe kabisa, nimeona ni adabu pia kueleza kwanza mchanganyiko usio na pombe na kuitaja pombe baadaye kwa anayeitumia. Kinachokipa kinywaji cha ndimu uzuri wake ni uchachu uliolingana na utamu, ubaridi wa kutosha na harufu ya ganda. Mambo hayo hayabadiliki pombe ikiwemo au isipokuwemo.

Jambo moja la kuangalia kwa asiyekunywa: katika hoteli nyingi, vinywaji vinavyouzwa kuwa havina pombe hutiwa matone ya dawa chungu ya kuongeza ladha, na chupa maarufu kuliko zote za aina hiyo, Angostura, ina pombe ya asilimia 44.7. Ukiagiza nje ya nyumba yako, uliza. Ukiwa nyumbani, vyombo vya pombe viwe mbali na vyombo vya sharubati, ili mgeni asilazimike kuuliza.

Ndimu, limau, danzi, chenza na balungi: nitumie lipi?

Wenzetu wa bara huita yote ndimu, na hapo ndipo vipimo vinapoharibika. Ndimu ya pwani ni ndogo, ya mviringo, yenye ngozi nyembamba na harufu kali. Limau ni kubwa zaidi, lina ganda nene, na uchachu wake hauna ile harufu ya kuchoma pua. Kwa tindikali, haya mawili yanakaribiana, kwani maji yake huwa na asilimia 5 hadi 6 hivi ya tindikali ya sitiriki. Balungi lina asilimia 2 hivi, na chungwa kiasi cha asilimia 1 tu. Tofauti hiyo ndiyo sababu huwezi kuondoa ndimu katika kinywaji ukaweka chungwa kwa kipimo kilekile ukatarajia matokeo yaleyale: chungwa peke yake halina nguvu ya kushindana na sukari, nalo daima huhitaji kijiko kimoja au viwili vya ndimu ya kuliamsha.

Chenza na kangaja ni matamu na yana harufu nzuri kuliko chungwa, ila maji yake ni machache na mbegu ni nyingi, kwa hiyo uwe na chujio na subira. Danzi hudharauliwa kwa sababu ya ukali na uchungu wake, na dharau hiyo haina msingi, kwa kuwa ganda la danzi ndilo linalotoa harufu ya pombe tamu za machungwa kama Cointreau na Grand Marnier. Mwenye mdanzi uani ana hazina. Akwaruze ganda lake la juu, alichanganye na sukari usiku mmoja, na kesho yake atapata sukari yenye manukato ambayo haiuzwi katika duka lolote la Malindi.

Machungwa yetu ni ya kijani. Je, hayajaiva?

Yameiva. Chungwa hubadilika rangi panapokuwa na usiku wa baridi, kwa sababu ubaridi ndio unaovunja klorofili ya ganda na kuiacha rangi ya njano ionekane. Usiku wa Malindi mara chache hushuka chini ya nyuzi 20, hivyo chungwa linaweza kujaa utamu huku ganda likibaki kijani. Lipime kwa mkono: lililo zito kuliko ukubwa wake na lenye ngozi laini ndilo lenye maji.

Ndimu nazo zina kisa chake. Ndimu iliyogeuka njano wanunuzi wengi huiruka wakidhani imeanza kuharibika, ilhali hiyo ndiyo iliyoiva barabara na yenye maji mengi. Ya kijani ina harufu kali zaidi. Mimi huchanganya: tatu za njano kwa ajili ya maji, moja ya kijani kwa ajili ya ganda.

Nifanye nini ili ndimu itoe maji mengi?

Usiikamue ikiwa baridi kutoka friji. Iache ipate joto la chumba, kisha iviringishe juu ya meza kwa kiganja, ukiikandamiza mpaka uihisi imelegea ndani. Ikate kwa upana, si kutoka kwenye kikonyo kwenda chini, kwa sababu ukiikata kwa upana unafungua vyumba vyake vyote kwa pamoja. Ndimu moja ya kwetu hutoa kati ya mililita 15 na 25, kwa hiyo hesabu ndimu mbili kwa bilauri moja ili usije ukaaibika mbele ya wageni.

Usiikamue mpaka ikalia. Ukifika kwenye ule utando mweupe ulio chini ya ganda, unachokipata ni uchungu.

Sukari haiyeyuki kwenye maji baridi. Nifanyeje?

Tengeneza shira, ileile unayoijua kwa kaimati, ila iwe nyepesi. Chukua kikombe kimoja cha sukari na kikombe kimoja cha maji, weka kwenye sufuria juu ya moto mdogo, koroga mpaka sukari yote iyeyuke na maji yawe maangavu, kisha ipua. Usiiache ichemke muda mrefu, kwani maji yakipungua shira huwa nzito, na vipimo vyote vilivyo katika maelezo haya vimekadiriwa kwa shira ya kikombe kwa kikombe. Ikipoa, itie kwenye chupa safi yenye kifuniko. Ndani ya friji itakaa wiki mbili hadi tatu bila shida, na ukiona ukungu au utando, imwage.

Utajiri wa mpishi wa pwani huonekana hapa. Shira ikiwa bado ya moto, tumbukiza hiliki nne au tano zilizopasuliwa, au vipande vya tangawizi vilivyopondwa, au kijiti cha mdalasini, funika nusu saa, kisha chuja. Hiliki hupendana sana na chenza. Tangawizi hupendana na ndimu na balungi. Mdalasini na chungwa ni marafiki, lakini mdalasini ukikaa mno huleta ukakasi. Karafuu moja inatosha. Mbili, na bilauri itanukia kama dawa ya meno.

Kwa anayependa asali, zipo za wafugaji nyuki wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, nzito na zenye ladha ya maua, lakini asali ikitiwa moja kwa moja kwenye kinywaji chenye barafu hugandia chini. Ilegeze kwanza kwa maji ya vuguvugu ya kipimo sawa. Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata tone.

Uwiano sahihi wa ndimu na sukari ni upi?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mtu alianze nalo. Tumia chombo kimoja kwa vipimo vyote, na chombo bora kilichomo karibu kila nyumba ya Malindi na Lamu ni kile kikombe kidogo cha kahawa chungu. Haidhuru kina ujazo gani, maadamu unakitumia hichohicho tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa kinywaji kirefu kisicho na pombe, anza na kikombe kimoja cha maji ya ndimu, kimoja cha shira, na vinne hadi vitano vya maji baridi, maji ya soda au maji ya dafu. Kwa kinywaji kifupi chenye pombe, anza na vikombe viwili vya pombe, kimoja cha ndimu, na robo tatu ya kikombe cha shira. Nimesema anza, kwa sababu hakuna ndimu mbili zinazofanana, na za kiangazi cha kaskazi, zilizokosa maji mtini, zinaweza kuwa kali kuliko zile za baada ya mvua za masika.

Hivyo basi onja. Onja kabla ya barafu, ukijua kwamba ubaridi hupunguza utamu unaosikika ulimini, kwa hiyo mchanganyiko ambao haujapozwa unapaswa kuonekana umezidi utamu kidogo tu. Ukiona ukali umezidi, ongeza shira kwa nusu kijiko cha chai, koroga, onja tena. Ukiona utamu umezidi, usikimbilie maji: maji yatakupa kinywaji dhaifu chenye kosa lilelile. Ongeza ndimu. Na ukiona kila kitu kiko sawa lakini kinywaji kimelala tu, bila uhai, tia chumvi kidogo sana, ile inayoshikwa kwa ncha za vidole viwili. Tunakaa jirani na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni na bado watu hushangaa nikiwaambia chumvi iingie kwenye sharubati. Haitasikika kama chumvi. Itapunguza uchungu na kuutoa utamu mbele.

Kwa jagi la lita moja la sharubati ya ndimu ya familia, vipimo vinavyonifaa ni mililita 150 za maji ya ndimu, 200 za shira na 650 za maji baridi. Barafu iwekwe kwenye bilauri, si kwenye jagi, la sivyo wa mwisho kunywa atapata maji matupu.

Sina chombo cha kutikisia wala kifaa chochote cha baa.

Chupa ya jemu yenye mdomo mpana na kifuniko cha kukaza inatosha kabisa. Chujio la chai litafanya kazi ya kuchuja. Kijiko cha chai ni mililita 5 na cha mezani ni 15. Kwa kuponda nanaa au tangawizi, tumia mchi wa kinu kidogo, ila uhakikishe kinu hakijatwangia kitunguu saumu, kosa ambalo nimelifanya mwenyewe, na mbele ya watu.

Epuka sufuria za alumini ambazo hazijapakwa kitu, na vyombo vya shaba, kwa kuwekea maji ya ndimu. Tindikali hula madini na kinywaji hupata ladha ya sarafu.

Nitikise au nikoroge?

Kinywaji chenye maji ya matunda hutikiswa, kisicho na maji ya matunda hukorogwa. Kutikisa na barafu kwa sekunde 10 hadi 15 huingiza hewa, hupoza upesi, na huyeyusha barafu kiasi kinachohitajika. Chenye gesi kisitikiswe kamwe ndani ya chupa iliyofungwa. Tikisa vingine vyote, kisha malizia kwa soda kwenye bilauri.

Barafu yoyote itafaa?

La. Barafu ya vipande na mabonge inayouzwa kwa ajili ya kuhifadhi samaki haikutengenezwa iingie kinywani, hata ikiwa imeoshwa, na nasikitika kusema kwamba nimewahi kuiona kwenye meza ya harusi. Tengeneza yako kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Maji ya bomba ya Malindi yanatoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na nyumba nyingi hujazia kwa maji ya kisima cha uani ambayo huwa na chumvichumvi. Maji hayo ya kisima yakigandishwa hutoa barafu inayoharibu kila kinachopozwa nayo.

Vipande viwe vikubwa. Kipande kikubwa huyeyuka polepole, na katika joto la Februari dakika tano zinatosha kugeuza vipande vidogo kuwa bwawa.

Nianze na vinywaji gani visivyo na pombe?

Kile ninachokipenda kuliko vyote ni cha dafu. Ponda majani manane ya nanaa kwa wepesi pamoja na kikombe kimoja cha kahawa cha maji ya ndimu na nusu kikombe cha shira, kwa kuwa dafu lenyewe lina utamu wake. Usiyasage majani, yabonyeze tu mpaka uisikie harufu, kwani yakichanika sana huleta uchungu wa nyasi. Mimina maji ya dafu moja lililopozwa, koroga mara mbili, na juu yake kamulia kipande cha ganda la ndimu ili mafuta yake yaruke juu ya kinywaji. Mafuta hayo ya ganda ndiyo yanayokutana na pua kabla ulimi haujagusa kitu, na bila hayo kinywaji ni pungufu.

Kwa futari, ambapo mwili unataka kitu cha taratibu, chenza na hiliki hufaa: maji ya machenza manne, kijiko cha mezani cha ndimu, vijiko viwili vya shira ya hiliki, chumvi ya ncha za vidole, na barafu. Kwa mchana wa jua kali, balungi na tangawizi: nusu bilauri ya maji ya balungi, vijiko viwili vya shira ya tangawizi, kijiko cha ndimu, kisha ujazie maji ya soda. Hiki cha mwisho kina uchungu wa kiutu uzima na watoto hukikataa, jambo ambalo baadhi ya wazazi wameniambia ni sifa.

Na kwa anayekunywa pombe?

Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuuziwa pombe, na nyumbani pia sharti hilo liheshimiwe.

Cha kwanza kujifunza ni cha ramu, ndimu na shira, ambacho dunia inakijua kwa jina la daiquiri, kutokana na mahali paitwapo hivyo karibu na Santiago de Cuba. Vikombe viwili vya ramu nyeupe, kimoja cha ndimu, robo tatu ya shira. Tikisa, chuja, kunywa kabla hakijapata joto. Ukikimudu hiki umemudu nusu ya vingine, kwa sababu vingi ni hikihiki kilichobadilishwa nguo: weka tekila badala ya ramu na pombe tamu ya machungwa badala ya shira, utapata margarita; weka pombe ya miwa ya Brazil na uzipondeponde ndimu pamoja na ganda lake ndani ya bilauri, utapata caipirinha. Hiyo caipirinha ndiyo jamaa wa karibu wa kinywaji cha Kenya kiitwacho dawa, chenye vodka, ndimu, sukari na asali inayozungushwa kwa kijiti, ambacho umaarufu wake ulienezwa na mkahawa wa Carnivore wa Nairobi. Dawa ya nyumbani, ile ya moto ya limau, tangawizi na asali, ni kitu kingine kabisa, kwa hiyo ukimwambia mgeni unamletea dawa, mfafanulie.

Kisha kuna jini, ya chupani, si yule wa kwenye mibuyu. Jini na toniki, ile soda chungu yenye kwinini, huchanganywa kwa kikombe kimoja kwa vitatu, kukiwa na kipande cha ndimu kilichokamuliwa kidogo, bila shira, maana toniki ina sukari yake.

Je, toniki huzuia malaria kwa sababu ina kwinini?

Haizuii. Ni kweli kwamba Waingereza waliokuwa India walichanganya kwinini yao na jini ili uchungu ushuke, lakini toniki ya leo ina kiasi kidogo mno. Marekani, kwa mfano, hairuhusu zaidi ya miligramu 83 kwa lita, ilhali mgonjwa mtu mzima hupewa mamia ya miligramu mara tatu kwa siku. Lala ndani ya neti.

Limoncello, ile pombe tamu ya maganda ya limau inayotengenezwa na Waitaliano wa Malindi, naweza kuitengeneza?

Naam, ikiwa una subira na pombe kali safi iliyopimwa. Inahitaji ganda la njano la limau peke yake, lililomenywa kwa wembamba bila utando mweupe, likaloweshwa ndani ya pombe kwa wiki kadhaa mpaka rangi yote iondoke gandani, kisha lichujwe na kuongezwa shira iliyopoa. Waitaliano hutumia pombe yenye nguvu sana, ya asilimia 95, na kwa vodka ya kawaida matokeo huwa hafifu ingawa yanapendeza. Asiyetumia pombe akwaruze maganda hayohayo, ayafukie ndani ya sukari siku mbili, kisha aiyeyushe sukari hiyo kwa maji ya limau lenyewe. Kwa maoni yangu, hiyo ya pili ndiyo inayonukia limau zaidi.

Mnazi na ndimu?

Mnazi una uchachu wake tayari, nao huendelea kuchacha kila saa inayopita. Sioni ndimu itauongezea nini. Wazee wa Kimijikenda niliowauliza walinitazama tu.

Tui la nazi je?

Tui likikutana na ndimu hukatika. Changanya tui na shira na barafu kwanza, tikisa, na ndimu iingie mwisho kwa kiasi kidogo, kisha kinywewe papo hapo.

Naweza kuandaa mapema kwa ajili ya wageni wengi?

Shira, ndiyo, hata wiki moja kabla. Maji ya ndimu yakamuliwe siku hiyohiyo, kwa kuwa ladha yake huanza kubadilika baada ya saa chache, na kesho yake huwa na ladha iliyochoka. Chungwa lina tabia mbaya zaidi: maji ya aina fulani za machungwa huwa matamu yanapokamuliwa, kisha hugeuka kuwa machungu yakikaa, kwa sababu tindikali iliyomo huendelea kuzalisha limonini, ambayo ni kemikali chungu.

Ukiandaa jagi la vinywaji vifupi ambavyo hutavitikisa, kumbuka kwamba barafu ya kutikisia ingeongeza maji kiasi cha robo ya ujazo. Maji hayo uyatie mwenyewe, kisha jagi liwekwe kwenye friji. Bila maji hayo kinywaji kitakuwa kikali na chenye nguvu kupita kiasi.

Msimu ndimu zinapokuwa rahisi, kamua nyingi, gandisha kwenye trei ya barafu, kisha hamishia vipande kwenye chombo chenye kifuniko. Zamani tuligandishia kwenye mifuko ya plastiki, mpaka ilipopigwa marufuku mwaka 2017. Maji yaliyogandishwa yanafaa kwa sharubati ya jagi. Kwa kinywaji kifupi, tofauti utaisikia.

Kwa nini maji ya ndimu yasichemshwe?

Kwa sababu ya harufu kwanza, ambayo huondoka na mvuke, na kwa sababu ya vitamini C, ambayo haivumilii moto. Malindi ina kumbukumbu yake katika habari hii. Vasco da Gama alipotia nanga hapa Januari 1499, akirudi kutoka India, mabaharia wake walikuwa wakifa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, na shajara ya safari hiyo inasimulia kwamba alimtuma mtu pwani kutafuta machungwa ambayo wagonjwa waliyatamani mno. Yaliletwa kesho yake, lakini kwa wengi muda ulikuwa umekwisha, wakafia hapahapa. Ilichukua mpaka mwaka 1747 ndipo daktari wa meli, James Lind, akawapa mabaharia wawili kati ya kumi na wawili wagonjwa machungwa na limau kila siku, wakapona upesi kuliko wenzao, na mpaka 1795 jeshi la maji la Uingereza kuanza kugawa maji ya limau. Baadaye, katika karne ya 19, jeshi hilo lilibadili limau kwa ndimu, zenye vitamini C kidogo zaidi, na maji yake yakawa yanapitishwa kwenye mabomba ya shaba, ambayo huiharibu vitamini hiyo, kiseyeye kikarudi. Ukikumbuka habari hiyo hutaweka maji ya ndimu kwenye birika la shaba hata likiwa limesuguliwa likang'aa.

Kuna watu wasiopaswa kunywa haya?

Balungi huzuia mwili kuvunja baadhi ya dawa, zikiwemo felodipine na nifedipine za shinikizo la damu, na simvastatin ya kolesteroli, hata dawa ikaongezeka damuni kupita kiasi kilichokusudiwa. Bilauri moja tu inaweza kutosha kuleta athari hiyo, na kutenganisha kwa saa chache hakusaidii. Anayetumia dawa za kila siku amuulize mfamasia kabla ya kugusa balungi. Furungu nalo lina kemikali hizohizo.

Kuhusu pombe, vikombe viwili vya kahawa vya pombe kali, tuseme mililita 60 za asilimia 40, vina gramu 19 hivi za pombe halisi, na sukari na ndimu hukuficha nguvu hiyo mpaka uinuke. Pombe isiyo na lebo wala chupa iliyofungwa vizuri isiingie kwenye kinywaji chochote. Methanoli huua na hupofusha, haitambuliki kwa ladha wala harufu, na ndimu haiiondoi, ingawa wapo watakaokuapia.

Mikono yangu ilipata madoa meusi na malengelenge baada ya kukamua ndimu ufukweni. Ni nini?

Ni jua na ndimu kwa pamoja. Ganda na maji ya ndimu yana kemikali ziitwazo furanokumarini ambazo, zikibaki juu ya ngozi na kupigwa na miale ya jua, huiunguza kama maji ya moto. Malengelenge hutokea baada ya siku moja au mbili, na madoa hubaki wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Wahudumu wa hoteli za ufukweni wanalijua jambo hili kwa machungu. Kamulia ndani ya nyumba au chini ya kivuli, nawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko kabla hujatoka juani, na mtoto aliyemwagikiwa midomoni na kidevuni afutwe kwa maji na sabuni kabla hajakimbilia baharini.

Maganda yaliyobaki usiyatupe. Yakaushe kivulini, uyatie kwenye mtungi wa sukari.